Sahani Iliyofunguliwa na Njaa

Kigelegele kilinikuta bombani. Niliacha ndoo palepale, nusu imejaa, maana nilikitambua: katika kambi yetu yote ya wafanyakazi hakuna mwanamke mwenye koo la namna ile ila Mama Gertrude, shangazi yake Godefroid, kijana niliyempenda. Njiani majirani walikuwa wameshatoka milangoni. Mmoja akanishika mkono akaniambia, "Félicitations, Blandine," na mimi, mjinga, nikamjibu merci bila kujua napongezwa kwa lipi.

Nyumbani nilimkuta Mama Gertrude kizingitini, amejifunga kitenge kipya, anacheza kwa mabega huku ameinua sahani tupu ili kila mtu aione. Nyuma yake, ndani, Papa alikuwa kwenye kiti chake na fulana yake iliyotoboka, vidole bado vina mafuta. Alimtazama yule mama kama anavyotazamwa mtu mwenye homa. Kisha akaitazama sahani. Nikauona uso wa baba yangu ukielewa, polepole, nikatamani ardhi itumeze.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze. Sisi watu wa kambi za Likasi tumetoka makabila mengi. Babu zetu waliletwa na kazi ya shaba, kila mmoja na desturi zake, na zile desturi zimechanganyika mpaka hakuna anayejua ipi ni ya nani. Lakini kwenye kambi yetu moja inashikwa na wote, nayo ni sahani ya mlango. Kijana akitaka binti wa watu, nyumba yake hupika chakula kizuri, hukifunika kwa sahani ya pili, na mama mmoja mwenye heshima hukipeleka. Hupiga magoti na kusema maneno ya kuomba mbele ya baba wa binti na shahidi mmoja. Wenye nyumba wakila na kurudisha sahani imeoshwa, wamekubali. Wakiirudisha na chakula chake kama ilivyokuja, wamekataa, na sahani iliyorudi imejaa haiendi tena kwenye mlango ule.

Sasa, Mama Gertrude alikuwa amefika akamkuta Papa amesinzia. Akaweka sahani mezani, akatoka kumtafuta Papa Mathieu wa nyumba ya pili awe shahidi. Papa akaamka. Tangu mama yangu afariki, majirani waliokuwa bado wanapika walikuwa na tabia ya kutuachia chakula kilichofunikwa, leo huyu, kesho yule, bila kusema neno ili wasituaibishe. Papa akadhani ni hicho. Jana yake hatukuwasha moto kabisa. Akafunua, akala. Alikula paja la kuku, akala sombe ya majani ya muhogo, akamaliza bukari yote, ndio ugali wetu, hakuniachia hata tonge, na Papa si mtu wa kula bila kuniachia. Mama Gertrude aliporudi na shahidi wake akakuta sahani nyeupe, akadhani mzee amekubali kwa haraka hata maneno hakuyangoja. Ndipo akapiga kigelegele, na kambi nzima ikasikia.

Wengine watacheka. Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine, hata mimi ningecheka.

Mama Gertrude aliniachia sahani niioshe, kama inavyotakiwa, akasema ataifuata kesho baada ya maombi. Alipokwenda, Papa hakufoka. Aliomba maji, akanawa mikono muda mrefu, kidole kimoja kimoja. Halafu akasema bila kunitazama:

"Blandine, minye nilikula mutoto yangu."

Nikamwambia hapana, Papa, ulikuwa na njaa tu. Katika maneno yote ya dunia nililichagua lile baya zaidi. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Lazima mjue kwa nini. Kiwanda kilipoanza kufa na mshahara ukaacha kuja, Mama Mathilde, mama yake Godefroid, alikuwa akitoa unga mpakani Kasumbalesa na kuuza kwenye bohari yake Kikula. Vitu vya kambi vikaanza kuingia bohari ile kimoja baada ya kingine: redio, baiskeli, vitanda. Siku za matanga ya mama yangu, ilibidi waombolezaji wale. Papa aliibeba cherehani ya marehemu begani mwake mwenyewe, akarudi na gunia. Hakuna aliyemdhulumu. Mama Mathilde alitoa unga mzuri, hata akaongeza samaki wakavu kwa huruma. Lakini toka siku ile Papa akawa anazunguka barabara ya nyuma ili asipite mbele ya bohari. Nilipomtajia Godefroid mara ya kwanza, alisema, "Bale bantu balikula mashini ya mama yako. Sasa banataka na weye?" Na juu ya hayo, sisi ni wa parokia, wao ni wa maombi ya mikesha. Nikanyamaza, lakini kupenda sikuacha.

Na nisiwe mnafiki. Pale nilipobaki peke yangu na ile sahani mkononi, furaha ilinipanda. Nilimpenda Godefroid tangu siku aliponipandisha kwenye lori la mama yake kwenda Lubumbashi, mimi na masanduku yangu ya mwanafunzi juu ya magunia matupu. Lori liliharibika njiani, tukakaa ukingoni mwa barabara mchana mzima, na yeye akaniuliza ninasoma nini. Nikamwambia: mambo ya dunia, na kwa nini wengine wanacho na wengine hawana. Akafikiri, mikono yake ina grisi mpaka viwiko. Akaniuliza kama tulishapata jibu. Nikasema bado. Akasema tukilipata nimwambie na yeye, maana yeye yuko upande wa walio nacho na hata huko hawajui. Alisema bila majivuno, ananitazama machoni, na mimi ndiye niliyeinamisha macho kwanza.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sayansi za jamii, kwa siku ambazo chuo kikuu kilikuwa wazi. Wakati huo kilikuwa kimefungwa tena na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Papa alinisifu mbele za watu na kunitania tukiwa wawili tu. Eti umaskini nao unasomwa? Si huu hapa, bure, hata mtihani hauna. Lakini profesa wetu mmoja, mzee wa koti lile lile kila siku, aliwahi kutupa swali ambalo sikulisahau: nchi yenye njaa ikitia sahihi mkataba, ni nani aliyetia sahihi? Niliandika kurasa na kurasa za Kifaransa kizuri nikapata maksi za juu. Sasa swali lile lilikuwa limejifungia chumbani na fulana iliyotoboka, na maksi zangu hazikunisaidia kitu.

Godefroid alikuja alasiri, akapitia nyuma ya nyumba, kwenye mashina ya muhogo nilipokuwa nikichuma sombe. Alivaa shati jeupe. Alikuwa na uso wa mtu ambaye furaha imemzidi, na aliponiona akatabasamu kwa namna iliyonikata maini. Akaniambia habari ilipofika kwao alilia mbele ya mama yake, mwanaume mzima. Alisema mama yake amekubali nimalize masomo, lori litanipeleka na kunirudisha. Kila alichosema nilikuwa nimekiota.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuanzia usingizi wa Papa mpaka kunawa mikono. Alisikiliza ameshika jani la muhogo, analikunja na kulikunjua.

"Lakini Papa yako alifungula sahani," akasema mwishoni. "Blandine, nilifunga kula juu ya ile mulango. Nilikuwa naomba paka ile, ile tu. Mungu njo alifungula."

"Apana, Godefroid. Njaa njo ilifungula."

"Unayua namna gani kama haiko Mungu?"

"Juu weye ulifunga kwa kupenda. Papa alifunga juu mu nyumba hamukukuwa kintu."

Aliduwaa kama mtu niliyempiga kofi. Sikutaka kumuumiza, naapa, lakini neno lilikuwa limeshatoka na lilikuwa la kweli. Tulisimama pale, hatua moja kati yetu, na hakuna aliyethubutu kuivuka. Niliona mshipa wa shingo yake unapiga. Nilitaka kuuwekea kidole tu.

Akaniuliza nataka nini basi. Nikamwambia namtaka yeye, na asiniulize tena jambo analolijua. Ila sitaki kuingia kwao kwa ndiyo ya tumbo. Maisha yote Papa angekuwa yule mzee aliyempeleka binti yake kwa paja la kuku, na kila akija kututembelea angekaa ukingoni mwa kiti kama mdaiwa, na watoto wetu wangesikia kisa chake kikisimuliwa kwa kicheko. Nataka Papa aseme ndiyo akiwa na uwezo wa kusema hapana.

"Ikirudi imejaa, imekwisha," Godefroid alisema. "Mama hatatuma tena. Atatuma kwa Stéphanie, mutoto wa pasteur. Unayua?"

"Nayua."

"Na mutatoa wapi chakula ya kuijaza?"

Hakusema kwa dharau. Aliuliza tu, na palepale sote wawili tukaona jambo lilivyo. Ili ukatae, urudishe kilichokuja. Nyumba yetu haikuwa na unga hata wa kufunika kitako cha sufuria. Tajiri anakataa kwa kichwa tu, anatikisa, yamekwisha. Maskini hata hapana yake inabidi kwanza aitafute sokoni. Godefroid akafungua mdomo kuniambia ataleta unga, nikamwona anavyojiona, akaufunga. Hapana yetu nayo itoke kwenye bohari yao? Akaweka lile jani kwenye kikapu changu, akageuka, akaenda bila kuniaga. Nililia nikiwa nimeinama, nikiendelea kuchuma, ili Papa akichungulia dirishani aone mgongo tu.

Sombe nilikuwa nayo. Zilibaki unga na kuku.

Kitu kimoja tu kilikuwa changu katika nyumba ile, nacho ni karatasi. Masomo yangu yote, yaliyopigwa chapa na kufungwa kwa uzi, rundo mpaka kiunoni: biashara ya dunia, madeni ya nchi, njaa na sababu zake. Siku hizo hakuna aliyekuwa na karatasi, na wauza karanga na mikate wa soko la Kikula walikuwa wakiitafuta ya kufungia. Nilibeba rundo kichwani. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga mikate alipapasa kurasa kama anayechagua kitenge, akauliza kama wino unatoka. Nikasema hautoki. Akanipa unga, na kwa muuza kuku wa jirani yake akanipatia paja. Sikuwa nimefika mwisho wa safu ya vibanda nilipomwona mtu anakula mkate uliofungwa kwa somo la profesa wetu. Nilijiambia chuo kikifunguliwa nitanakili upya kwa wenzangu. Nilijua nadanganya.

Nilipika kama nilivyofundishwa na mama. Niliosha ile sahani, nikapakua, bukari upande huu, sombe upande ule, paja juu, nikafunika kwa sahani ya pili. Nikagonga chumbani. Papa alitoka akafuata harufu kwa macho kabla hajaniona. Nilipiga magoti.

"Papa, sahani njo hii, sawa vile ilikuya. Sasa ni kama haukula kintu. Sema vile weye mwenyewe unapenda."

Alitazama meza. Kisha akatazama pembe ya ukuta ambapo rundo langu la karatasi lilikuwa, na pale palikuwa na alama tu ya vumbi.

"Na weye unapenda nini?"

"Ninamupenda, Papa. Sitakuficha. Mais sitaki umuite mukwe juu ulikuwa na njaa."

Aliketi mbele ya sahani mpaka giza likaingia, na hakuna aliyeigusa. Tulilala na njaa, sisi wawili, na chakula kimefunikwa mezani. Nilisali Papa akubali. Kisha nikasali akatae, kwa ajili yake. Mwisho sikujua tena naomba nini nikamwachia Mungu apange.

Asubuhi nilimkuta amevaa koti lake la sherehe, lile lenye medali ya miaka ya kazi kifuani, amenyoa ndevu kwa maji baridi. Alikuwa ameshika sahani kwa mikono miwili. Moyo wangu ulianguka. Nikamkumbusha kwamba Mama Gertrude ndiye atakayekuja kuichukua, si kazi ya baba. Akasema alichokila kwa mkono wake atakirudisha kwa mkono wake.

Tulipita katikati ya kambi, yeye mbele, mimi nyuma. Watu walitoka tena milangoni, walewale wa jana, na walipoona sahani imefunikwa na inabebwa kwa uangalifu, wakajua imejaa. Yule aliyenipongeza akaziba mdomo. Sikulia. Nilimtazama Papa mgongo, koti limekuwa kubwa mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa mama alishika barabara ya mbele, ile ya bohari.

Mama Mathilde alikuwa barazani kwake na Mama Gertrude, wametoka kwenye maombi. Godefroid alisimama mara alipotuona. Ndani, mlangoni, cherehani ya mama yangu ilionekana, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, safi, imetunzwa. Papa aliiona. Alisimama kidogo. Kisha akapanda ngazi akaweka sahani mezani.

"Mama Mathilde," akasema, "chakula yenu njo hii. Ilifika bila maneno, na minye nilikula bila kuyua. Mutoto yangu aliijaza sahani tena. Hii sahani ninaikatala."

Mama Mathilde hakuwa mwanamke mbaya. Alisema kwa upole kwamba wao hawadai, mzee alikula kwa amani, mambo haya yanazungumzika. Papa akamjibu kuwa anajua hawadai, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Uso wa Mama Mathilde ukakunjamana. Aliinua kile chakula akampa Mama Gertrude akipeleke ndani, na kwa desturi yetu jambo lilikuwa limekwisha. Papa alimwinamia kichwa kwa heshima. Nilimtazama Godefroid mara moja, nikijua ndiyo mara ya mwisho kumtazama hivyo. Alikuwa ameinamisha uso, ananitafutia njia ya kutomwona akilia.

Tukashuka ngazi. Nyuma yetu nikasikia hatua.

Kwetu mgeni husindikizwa, hata aliyekuja kwa ugomvi. Unamfikisha njia panda, unamuaga, unarudi. Godefroid alitembea pembeni ya Papa, hana hata viatu vya kutokea, ndala tu. Njia panda ikafika. Papa akapunguza mwendo ili aagwe. Godefroid hakuaga. Mama yake alimwita kutoka barazani, jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Alisimama. Niliona mabega yake yakipanda na kushuka. Kisha akaendelea kutembea, nasi tukaendelea naye, mbele ya bohari, mbele ya bomba, katikati ya macho yote ya kambi.

Mlangoni kwetu Papa aliingia, akafunga.

Tulibaki nje, mimi na Godefroid. Sasa hatua moja ileile ilikuwa kati yetu. Alinitazama kwa muda, macho mekundu, kisha akaitazama mikono yake mitupu, viganja juu, kama anayehakikisha. Akagonga.

"Hodi."

Papa akauliza kutoka ndani:

"Nani?"

"Ni minye, Godefroid."

"Ulikamata nini mu mikono?"

"Kintu hakuna, Papa. Nilikuya bule. Paka na maneno tu."

Nikashika nguzo ya mlango. Halafu nikasikia kiti kinavutwa sakafuni, na baada yake kiti cha pili, kile cha mama, ambacho hakikuwa kimekaliwa tangu matanga.

"Basi, ingia," Papa akasema.